Pampu ya Mafuta: Gharama Isiyoandikwa Katika Risiti

Gari kuukuu lina adabu zake, na mwenye nalo huzijua kama azijuavyo tabia za mzee anayeishi naye nyumbani. Hujua kwamba asubuhi lataka kuwashwa mara mbili, kwamba dirisha la nyuma halifunguki, kwamba masika yakiingia lapitisha maji miguuni. Yote hayo hustahimilika. Lakini iko siku ambapo stata yazunguka vizuri, betri ina nguvu, taa zawaka, na injini haishiki. Fundi huitwa, huinama kando ya mlango wa nyuma, hutega sikio, kisha hutoa hukumu: pampu ya mafuta imekufa. Hapo nyumba huingiliwa na hesabu isiyokuwamo katika matumizi ya mwezi.

Nimeona tulizungumze jambo hili juma hili kwa sababu wasomaji wetu wengi wana magari ya umri huo, na si kwa kupenda. Kanuni za ukaguzi wa magari ya mtumba nchini Kenya haziruhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako, na kwa kuwa gari jipya zaidi ni ghali zaidi, aghalabu linaloteremshwa bandarini hapa Mombasa huwa na miaka 7. Ujana wake limekwisha kuula Japani. Kisha hapa hutumika miaka 10 au 15 mingine, likipita mikononi mwa mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja akilitunza kwa kadiri ya uwezo wake. Pampu iliyofungwa kiwandani haikuahidi kufika huko kote.

Kwanza tuifahamu yenyewe. Katika magari ya kabureta, kama zile Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria wa masafa marefu, pampu ilikuwa kitu kidogo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mlikuwa na ngozi ya mpira iliyopanda na kushuka kwa kusukumwa na injini yenyewe, ikivuta petroli kutoka tangini. Ilipoharibika, mara nyingi ni ngozi iliyotoboka, na fundi wa barabarani aliweza kuifungua kwa spana mbili huku abiria wakinunua machungwa. Magari ya injekta, ambayo ndiyo karibu yote yaliyo barabarani leo, yana pampu ya namna nyingine kabisa. Ni mota ndogo ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi, inayoisukuma petroli kwa presha ya kiasi cha ba 3, yaani takriban mara kumi ya presha ya ile ya zamani. Haina mafuta yake ya kulainishia wala feni ya kuipoza. Petroli inayopita ndani yake ndiyo inayofanya kazi zote mbili.

Pampu hiyo haikai peke yake. Mdomoni ina chujio laini kama soksi ya mtoto, kando yake kuna kidhibiti cha presha, na pamoja nayo kuna boya linalopeleka kipimo cha mafuta kwenye dashibodi. Vyote hivi hushikwa na kiunzi kimoja cha plastiki. Katika Corolla na magari mengine mengi madogo, kiunzi hicho huingizwa tangini kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma, likafunikwa kwa kibati. Kwa maneno mengine, watoto wetu hukalia mlango wa tangi la petroli kila asubuhi waendapo skuli. Jambo hili tulihifadhi, tutalihitaji baadaye.

Dalili za pampu inayochoka zinajulikana. Gari hukosa pumzi likipanda mlima wa Mazeras, hushtukashtuka likitakiwa mwendo, huzimika foleni ya mchana ikiwa kali, kisha likikaa nusu saa likapoa huwaka kana kwamba halikuwa na neno. Mota iliyochakaa haipendi joto, na joto la mji huu halihitaji kuelezwa. Walakini hakuna hata dalili moja kati ya hizi iliyo ya pampu peke yake. Chujio lililoziba huleta kukosa pumzi vilevile. Sensa ya krenki nayo huzima gari likipata moto na kuliachia likipoa. Fyuzi, rilei, soketi ya waya iliyolegea, waya wa kurudisha umeme bodini ulioliwa na kutu, vyote huweza kuinyamazisha pampu iliyo nzima.

Hata kule kutega sikio hakutoshi. Ni kweli kwamba katika magari mengi ukizungusha ufunguo bila kupiga stata husikika mvumo mfupi nyuma, wa sekunde mbili hivi, nao ni wa pampu ikijaza presha. Lakini ziko Toyota nyingi za miaka ya 1990 ambazo pampu yake haianzi mpaka stata izunguke. Fundi asiyejua hilo atasikia kimya na kusema imekufa. Kupima kwa haki ni kwa namna mbili: kuweka testa kwenye soketi ya pampu wakati pampu inapotakiwa kufanya kazi, ionekane umeme unafika au haufiki, na kufunga geji ya presha kwenye njia ya petroli, ionekane pampu yasukuma kiasi gani. Kwa fundi mwenye vifaa hii ni kazi ya nusu saa.

Sasa nisimulie kisa cha jamaa mmoja wa mtaani kwetu, kwa ridhaa yake, ila jina lake nimelihifadhi. Ni mwalimu wa chuo, na ana Corolla ya mwaka 2003. Asubuhi huwapeleka skuli watoto sita wa majirani kwa safari mbili, kila mzazi akimlipa shilingi 2,500 kwa mwezi, na fedha hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Mwishoni mwa Januari gari lilizimika asubuhi likakataa kushika. Fundi wa jirani alikuja, akatega sikio, akasema pampu. Ilinunuliwa mpya ya shilingi 2,800, ufundi 1,000. Gari likawaka, watu wakashukuru. Pampu ya zamani, ile iliyotoka na gari Japani, fundi aliondoka nayo akisema ni takataka.

Baada ya wiki saba lilizimika tena, safari hii Mtwapa. Kulivuta hadi nyumbani ilikuwa 4,000. Fundi yuleyule akasema pampu ile ilikuwa feki, bahati mbaya, na dukani hawakubali kurudishiwa kitu cha umeme. Ikanunuliwa nyingine kwa 2,800, na ufundi 1,000 kama mwanzo. Haukupita mwezi likazimika kwa mara ya tatu. Sasa akashauriwa aachane na vitu vipya vya rahisi atafute kiunzi kizima cha eks-Japani, yaani kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa huko. Hicho kilikuwa 6,500, na ufundi 1,500. Kikafanya kazi siku tisa.

Jumla ilikwisha kufika 19,600. Wazazi wa watoto wawili walikuwa wametafuta usafiri mwingine, na hatuwezi kuwalaumu, kwa maana mtihani haumsubiri mtu aliyekwama njiani. Mkewe alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, fedha alizozikusudia kununulia cherehani. Cherehani haikununuliwa.

Mara ya nne alilipeleka kwa fundi wa umeme wa magari huko Kisauni, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Huyu hakugusa pampu. Aliinua kiti, akaweka testa kwenye soketi, akamwambia mwalimu apige stata.

"Maalim, betri yako ina volti kumi na mbili na nusu," akamwambia. "Hapa zafika nane."

"Zilizobaki zimekwenda wapi?"

"Zimeishia hapa." Akaivuta soketi akamwonyesha ncha moja ya shaba iliyoungua ikawa nyeusi kama kaa. "Wewe waibadilisha pampu, na maskini haijapewa chakula."

Akaukata waya mpaka penye shaba safi, akafunga soketi nyingine. Vifaa 700, ufundi 1,500. Kisha akaziomba zile pampu mbili za 2,800 zilizokuwa butini, akaziunganisha na betri kwa kitambo kidogo, mbali na gari. Zote mbili zilivuma. Kila mara soketi ilipovuliwa na kurudishwa, ile ncha iliyoungua ilisuguliwa kidogo, umeme ukapita kwa wiki kadhaa, kisha ikaungua tena. Ndiyo maana kila pampu mpya ilionekana kuwa ni dawa.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake imo gharama yenyewe ninayoizungumzia. Mtu akiuliza pampu ya mafuta yauzwa ngapi, jibu lipo katika kila duka. Lakini huyu ametoa 21,800 kwa jumla, na ubovu wake ulikuwa wa 2,200. Hata kama siku ya kwanza angenunua pampu bora kuliko zote mjini, nayo ingezimika.

Je, yule fundi wa kwanza alikuwa mwizi? Sidhani. Nimezungumza na mafundi watatu wa gereji za wazi juu ya jambo hili, na wote walinijibu kwa namna moja. Mmoja aliniuliza: "Sheikh, nikikwambia nipe elfu moja nikupimie tu, nisibadilishe kitu, watu wako watanilipa?" Nilitabasamu, kwa sababu watu wetu nawajua. Mteja hulipa akiona kitu kimetoka na kitu kimeingia. Kipuri hukishika kwa mkono, ujuzi haukamatiki, basi huona kuulipia ni kudhulumiwa. Fundi naye ana watoto. Akijua kwamba nusu saa yake ya testa haina ujira, atafanya kinacholipwa, nacho ni kubadilisha. Na mara nyingine duka humpa chochote kwa kumleta mteja, kwa hiyo kipuri kinamlipa mara mbili na kupima hakumlipi hata mara moja. Huu mpango tumeuweka sisi wateja kwa mikono yetu, kisha tunalalamika kwamba mafundi hawapimi.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba mapatano ya kwanza na fundi yawe ni ya kupima, kwa ujira unaojulikana kabla hajashika spana, na kwamba ujira huo utalipwa hata akikuta ni fyuzi ya shilingi 20. Mapatano ya kubadilisha yaje baadaye, yakiwa mbali. Elimu ya ajira tuliyosomeshwa chuoni haina sharti kubwa kuliko hili: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Na kipuri kilichotolewa ni mali ya mwenye gari. Usimwachie fundi kwa haya. Kama yule mwalimu angekuwa nayo ile pampu ya Japani, leo angeirudisha mahali pake, na huenda ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote tatu.

Ikiwa imepimwa na ikathibitika kwamba pampu ndiyo mbovu kweli, na hilo hutokea sana, ndipo suala la bei linapokuja. Kwa Corolla kama hiyo, maduka matatu ya hapa mjini yalinitajia bei zilizopishana kama mbingu na ardhi. Mota peke yake, mpya, ya jina nisilolijua, ni kati ya 2,500 na 3,500. Mota ya kampuni inayojulikana ni 6,000 hadi 9,000. Kiunzi kizima cha eks-Japani ni 5,000 hadi 8,000. Kwa wakala, mota halisi ilitajwa 14,000, na kiunzi kizima zaidi ya 30,000. Bei hizi zahama kila mara, kila mtu aulize siku yake.

Kwa maoni yangu kununua kiunzi kizima kipya kwa gari la miaka zaidi ya 20 ni israfu, isipokuwa plastiki yake imepasuka. Mota hubadilishwa ndani ya kiunzi cha zamani. Ila hapo pana mambo matatu madogo ambayo mafundi wengi huyapuuza, nayo ndiyo yauayo pampu mpya. Chujio la mdomoni lazima liwe jipya, kwani la zamani limejaa kutu na tope la miaka, na mota itajinyonga kwa kulivutia petroli. Mpira mfupi ulio ndani ya tangi lazima uwe ule uliotengenezwa kwa kuzama, kwa sababu mpira wa kawaida wa petroli hustahimili petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa hulainika, huvimba, na mwisho huchanika presha ikavujia humo humo tangini. Na nyaya zilizo ndani zisiungwe kwa kusokotwa na kufungwa tepu. Gundi ya tepu huyeyuka ndani ya petroli.

Eks-Japani ina watetezi wengi na sababu wanayo. Pampu nyingi za Toyota zilitengenezwa na Denso au Aisan, na kitu cha Denso kilichotumika miaka 10 huweza kukishinda kipya cha kuokota. Hata hivyo wanunua umri usioujua. Pampu iliyokaa kavu kwenye rafu miaka miwili, petroli ikakauka ndani yake ikawa kama gundi, huvuma vizuri dukani ikiguswa na betri na kushindwa ikitakiwa presha. Sharti liwe ni kuijaribu garini, muuzaji akikubali kuipokea ikishindwa siku hiyo. Ama kisanduku chenye jina la kampuni kubwa, hicho si ushahidi wa kitu. Visanduku navyo huchapishwa.

Na hapa niseme neno juu ya lile bango linalotundikwa karibu katika kila duka la vipuri, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wateja wengi hulisoma kama vile ni sheria, nalo si sheria. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 yamchukulia muuzaji kuwa amedhamini kwamba alichokiuza ni cha ubora unaofaa kuuzika, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yalizungumza jambo hilo tangu zamani. Kwa waliosoma fiqhi, mlango wa khiyari ya aibu unajulikana: kasoro iliyofichika iliyokuwamo wakati wa kuuziana humpa mnunuzi haki ya kukirudisha kitu. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, muuzaji haokoki kwa kusema "nauza bila dhamana" ikiwa kasoro anaijua naye ameificha. Muuzaji naye ana haki zake. Pampu iliyounguzwa na soketi mbovu ya mnunuzi si kasoro ya duka, na hakuna atakayeweza kupambanua lipi ni lipi ikiwa hakukupimwa. Risiti yenye tarehe, jina la kipuri na siku za dhamana zilizoandikwa kwa kalamu yatosha kumaliza ugomvi mwingi. Muulize muuzaji kabla hujatoa fedha: dhamana ni siku ngapi, na je, kwa kitu cha umeme? Anayekataa kuandika hata siku saba amekwisha kukujibu.

Tuje kwenye tabia inayoziua pampu hizi polepole, nayo ni kuendesha gari huku taa ya mafuta ikiwaka. Mafuta ya 300 asubuhi, ya 200 jioni, na tangi halijai tangu liliponunuliwa gari. Nimekwisha kueleza kwamba petroli ndiyo inayoipoza pampu. Tangi likiwa karibu tupu, mota hubaki juu ya petroli, huvuta hewa kwenye kona na miteremko, na huzunguka ikiwa na moto. Uchafu uliotuama chini nao ndio unaovutwa. Nalijua jibu la msomaji: hatuendeshi hivi kwa kupenda, fedha ni za siku kwa siku. Ni kweli. Lakini tulipige hesabu. Robo ya tangi la lita 50 ni lita 12 na nusu. Ikiwa lita ni shilingi 180, hiyo ni 2,250. Fedha hiyo haitumiki, huwekwa mara moja tu, kama chenji ya kuanzia siku anayoiacha mwenye duka kwenye saraka. Baada ya hapo utaendelea kuweka yako ya 300 na ya 200, ila utakuwa waanzia kwenye robo badala ya kuanzia kwenye taa. Mwezi ambao mkono umefunguka kidogo, anza hapo.

Petroli yenyewe nayo ina lawama. Iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa balaa kubwa nchini hadi Septemba 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Waliopika kwa stovu walilipa gharama ya tozo hiyo, na hilo ni mjadala mwingine. Maji bado ni tatizo, khususan petroli ya mtungini inayouzwa kando ya barabara, na maji ndiyo yaletayo kutu tangini.

Pia yako magari ambayo si kuukuu bado na pampu zake zina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2020 Toyota ilitangaza kuyarudisha kiwandani magari yaliyofungwa pampu ya Denso ambayo kigurudumu chake cha plastiki huweza kuvimba kwa petroli na kukwama, gari likazimika njiani. Hadi mwishoni mwa mwaka huo idadi ilipita milioni 5 duniani, na Honda nayo iliingia katika orodha. Magari hayo yalitengenezwa kati ya 2013 na 2020, na baadhi yake bado yanateremshwa bandarini. Yaliyobaki Japani yalibadilishiwa pampu bila malipo. Anayeagiza gari leo na amuulize wakala wake aliangalie kwa namba ya chesi kabla halijapakiwa melini, kama liliitwa na kama lilitengenezwa. Kuuliza huko ni bure likiwa bado kule.

Lililobaki ni usalama, na hapa narudi kwenye kile kiti cha nyuma. Kazi ya kufungua tangi ifanyike nje, penye upepo, si ndani ya gereji ya nyumba wala karibu na jiko la mkaa la muuza mihogo. Presha ya njia ya petroli itolewe kwanza, kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini ijizimie yenyewe, ikiwa yawaka. Kisha betri ivuliwe waya. Sigara na simu ziwekwe mbali, na watoto wasisimame kutazama, ijapokuwa hakuna mtoto asiyetaka kutazama. Petroli iliyotolewa iwekwe katika chombo chenye kifuniko, si katika ndoo ya kufulia.

Kati ya kiunzi na mdomo wa tangi kuna pete ya mpira inayozuia mvuke wa petroli usitoke. Pete hiyo ikishakaa miaka 20 huwa imebanwa ikawa bapa, na ikinyonywa na petroli huvimba ikakataa kuingia mahali pake. Mafundi wengi huirudisha hiyo hiyo kwa kuipaka silikoni, na silikoni ya kawaida haidumu mbele ya petroli. Pete mpya nilitajiwa shilingi 350. Mwambie fundi aje nayo kabla hajafungua tangi, au inunue mwenyewe. Kazi ikisha, jaza mafuta hadi nusu au zaidi, endesha mitaa miwili, kisha simamisha gari, inua kiti cha nyuma, na unuse. Nusa tena asubuhi ya pili baada ya gari kulala limefungwa madirisha, kabla watoto hawajapanda. Ikiwa kuna harufu ya petroli, hata kidogo, safari ya skuli siku hiyo iwe kwa tuktuk, na gari lirudi kwa fundi.